Taa mbili nyekundu kwenye RAID 5: tafuta kwanza diski iliyotangulia kutoka

Mzee alikuja na boti ya asubuhi kutoka Nansio, kabeba diski nne ndani ya kiroba cha sembe, kila moja kaizungushia gazeti. Sanduku lenyewe, lile linaloziunganisha diski ziwe hifadhi moja (ndiyo RAID), kaliacha nyumbani. Anapiga video za harusi na sendofu huko Ukerewe, na kazi zake zote zilikuwa humo. Usiku umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Asubuhi taa mbili nyekundu.

“Shikamoo mzee. Ulibonyeza nini baada ya hapo?”

“Marahaba mwanangu. Sijagusa kitu, nilichomoa waya tu.”

Nilitamani kumkumbatia. Kwenye meza yangu hapa Makoroboi, data nyingi zinazonishinda hazikuuliwa na diski, ziliuliwa na mtu aliyekubali sanduku lilipomuuliza kama lijenge upya au lianze upya. Kwa hiyo ukiona taa mbili, zima. Usichomeke diski mpya, usirudishe ile nyekundu “tuone kama itashika”.

RAID 5 yenye diski nne hutunza mzigo wa diski tatu; nafasi ya diski moja ni ya hesabu. Chukua wachuuzi watatu pale mwaloni Kirumba, kila mmoja kaandika idadi ya samaki wake kwenye karatasi, na wa nne kaandika jumla. Karatasi moja ikidondoka ziwani, unatoa na kuipata. Zikidondoka mbili, huna hesabu ya kufanya.

Lakini ni nadra diski mbili kufa usiku mmoja. Mara nyingi moja ilitoka miezi iliyopita, sanduku likaendelea kuchechemea na tatu, na taa nyekundu hakuna aliyeitazama. Ya pili ndiyo iliyoangusha nyumba, na huenda haijafa: umeme ulicheza, ikachelewa kuitika, ikatolewa. Kazi yako yote ni kujua ipi ilitangulia. Hiyo ya kwanza inaweza kusomeka vizuri kuliko zote, na bado ikakuharibia, maana imebeba mambo ya zamani.

Kabla ya kuchomoa chochote, andika namba kwenye kila diski kwa kalamu ya wino mzito, 1 hadi 4 kwa mpangilio wa sanduku, na upige picha. Mzee hakufanya hivyo, nikaanza na namba za kiwandani zilizo kwenye lebo.

Isikilize kila moja. Ikigonga tak-tak-tak, iondolee umeme, hiyo si ya mezani kwako. Inahitaji maabara yenye hewa iliyochujwa. Usiifungue, usiiweke kwenye friji (bado kuna watu wanashauriana hivyo!), wala usiibadilishie bodi (ile sakiti ya chini yake) kwa kuifananisha kwa macho, kwa sababu bodi nyingi hubeba chipu yenye vipimo vya diski hiyo hiyo.

Zisizogonga, zinakili moja moja kwenye kompyuta ya Linux. Moja moja, nasisitiza, kwa sababu Linux nyingine zikiona diski zote kwa pamoja huziunganisha zenyewe bila kukuuliza. Hizi zilikuwa za TB 2, hivyo nilihitaji TB 8 tupu; mzee aligharamia, ikabidi tukubaliane hilo kabla sijaanza. Programu ni ddrescue. Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, jina la kifurushi ni gddrescue:

ddrescue -d -n /dev/sdb d1.img d1.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb d1.img d1.map

Mstari wa kwanza hukomba kilicho rahisi, wa pili hurudi kung'ang'ania penye makovu, yaani sehemu zisizosomeka. Faili ya map ndiyo kumbukumbu yake: umeme ukikatika katikati, rudia amri ile ile, itaendelea ilipoishia. Diski nzima ya ukubwa huo huchukua kama saa tano. Yenye kovu inaweza kulala siku mbili. Hakikisha umeandika jina sahihi la diski. Ukikosea hapo, nakala haitakusaidia.

Diski halisi sasa ziweke kabatini. Hata nakala usiziandike. Wekea kila moja tabaka juu yake, litakalopokea maandishi yote:

chmod 444 d1.img
qemu-img create -f qcow2 -b d1.img -F raw juu1.qcow2
modprobe nbd max_part=8
qemu-nbd -c /dev/nbd0 juu1.qcow2

Ukikosea, futa tabaka, uanze tena. Kisha ulize kila moja kwa mdadm, programu ya Linux ya kuendesha RAID:

mdadm --examine /dev/nbd0p3

Sehemu ya data inaweza kuwa p3 au nyingine, tazama iliyo kubwa. Masanduku mengi madogo ni Linux kwa ndani, ndiyo maana mdadm inayaelewa. Soma mistari mitatu: Device Role inakupa nafasi yake, kwa hiyo magazeti ya mzee hayakuniumiza, Update Time (lini iliandikwa mwisho) na Events (hesabu ya mabadiliko) zinakupa ukweli. Tatu zilikuwa na Events 48211, 48211 na 48209. Iliyobaki 31077, na tarehe ya miezi minne nyuma. Hiyo ndiyo iliyotangulia. Nikaiacha nje:

mdadm --assemble --force --run /dev/md0 /dev/nbd0p3 /dev/nbd2p3 /dev/nbd3p3
mount -o ro,noload /dev/md0 /mnt

Hiyo noload ni ya ext4, aina ya mfumo wa faili. Kama mount inakataa, huenda kuna LVM (mpango wa Linux wa kugawa nafasi) katikati: vgchange -ay, ujaribu tena kwa jina litakalotokea. Usitumie --create kwa kubahatisha, hata ukisoma mahali kwamba ilimsaidia mtu.

Usishangilie majina ya mafolda. Picha ndogo hufunguka hata diski zikiwa zimepangwa vibaya, kwa kuwa imeingia yote kwenye kipande kimoja. Fungua kubwa. Nilimwomba mzee achague harusi, nikaruka hadi mwisho wa video: bibi harusi analishwa keki, hakuna mraba wa kijani, hakuna kukwama. Ndipo nikaanza kunakili.

Ile ya 31077 niliipima, haina kovu hata moja. Kiunganishi chake kwenye sanduku ndicho kilikuwa kimeota kutu. Mzee akaiomba ya kuwekea miziki.