Zawadi za safari kwa watoto: namna ya kuzichagua, hatua kwa hatua

Jirani yangu ni dereva wa lori linalobeba mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Wiki iliyopita aliingia dukani kwangu Mwanjelwa, jijini Mbeya, ninapouza vifaa vya shule na vya kuchezea watoto, akaniambia: "Dada, nina watoto watatu ambao hawanioni hata siku kumi kwa mwezi. Nataka zawadi zitakazowaonesha ninakokwenda, lakini kila ninachoona madukani ni gari la plastiki litakalovunjika kabla sijafika Makambako." Tulikaa karibu saa mbili tukichagua, na alipoondoka niliona ni vema niuandike utaratibu tulioufuata, kwa kuwa wazazi wengi wa Mbeya, Njombe na Iringa huniuliza jambo hilo hilo Desemba inapokaribia.

Hatua ya 1: Itaje safari yenyewe

Kabla ya kwenda dukani, andika kwenye karatasi safari moja inayojulikana: ile ambayo mtoto ameifanya, ile atakayoifanya, au ile ambayo mtu wake wa karibu huifanya. Chupa ya maji yenye picha ya ndege si zawadi ya safari, kwa sababu haimpeleki mtoto popote wala haimkumbushi alikotoka. Jirani yangu aliandika "Tunduma hadi Dar, njia ya baba", na kuanzia hapo kila kitu tulichokishika tulikipima kwa maneno hayo sita.

Hatua ya 2: Upime umri, na usilegeze kamba kwenye usalama

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, chukua bomba la karatasi ngumu linalobaki tishu ya chooni inapokwisha. Kitu chochote kinachopenya ndani ya bomba hilo, yakiwemo magurudumu yanayong'oka, kinaweza kumkaba, na hakifai. Betri bapa za mviringo zenye ukubwa wa kifungo ni hatari zaidi, kwa kuwa mtoto akiimeza na ikanasa kooni inaweza kuanza kuunguza nyama ya ndani katika muda usiozidi saa mbili. Mimi sileti tena dukani gari lolote ambalo kifuniko chake cha betri hakifungwi kwa skrubu.

Kwa mtoto wa mwisho wa jirani yangu, ambaye ndiyo kwanza ametimiza miaka mitatu, tulichagua lori la mbao lisilo na betri. Mafundi seremala wa ukanda wetu hutengeneza malori mazuri kwa mabaki ya mbao za paini, ambazo hazikosekani katika nchi iliyo karibu na msitu wa Sao Hill. Vuta kila gurudumu kwa nguvu zako zote, pitisha kiganja juu ya mbao ili kutafuta vibanzi, kisha uangalie kama misumari imezama. Likifaulu hayo, linunue, hata kama rangi yake haing'ai.

Hatua ya 3: Chagua ramani, na hapa usiwe na haraka

Kwa mtoto anayeweza kusoma, yaani kuanzia miaka saba hivi, naamini hakuna zawadi ya safari inayoizidi ramani ya ukutani. Wateja wengi huniomba tufe la dunia kwa sababu linapendeza mezani, nami huwashauri waliache. Tufe la kawaida lina kipenyo cha sentimita 20, na kwa ukubwa huo sentimita moja inabeba zaidi ya kilomita 600. Tanzania yote inaenea kwenye sentimita mbili tu, na kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni upana wa kidole. Mtoto hawezi kumfuata baba yake juu ya kitu cha namna hiyo.

Lakini ramani nayo inaweza kumwumiza mtoto, na hili nililijua kwa uchungu. Miaka michache iliyopita nilimpelekea mtoto wa dada yangu, anayeishi Njombe, ramani ya Tanzania niliyoinunua kwa haraka bila kuikagua. Aliitandika sakafuni, akautafuta mkoa wake, akautafuta tena, kisha akaniuliza: "Mama mdogo, kwani sisi hatumo?" Ramani ile ilikuwa imechorwa kabla ya mwaka 2012, Njombe ikiwa bado ni sehemu ya Mkoa wa Iringa. Tangu siku hiyo siuzi ramani wala kuitoa zawadi kabla ya kuipitisha katika ukaguzi ufuatao.

Anza na Njombe. Ikiwa imepakwa rangi moja na Iringa, ramani ni ya kabla ya 2012, mwaka ambao mikoa ya Njombe, Katavi, Geita na Simiyu ilianzishwa. Kisha nenda Tunduma. Ikiwa imo ndani ya Mkoa wa Mbeya, ramani ni ya kabla ya 2016, kwa sababu mwaka huo Songwe ilimegwa kutoka Mbeya na kuchukua Mbozi, Momba, Ileje na Tunduma yenyewe. Ramani sahihi ya leo ina mikoa 31, yaani 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Kwa ramani ya Afrika, tafuta Sudani Kusini, iliyopata uhuru mwaka 2011, na jina Eswatini, lililochukua nafasi ya Swaziland mwaka 2018. Usiuamini mwaka uliochapishwa pembeni mwa karatasi peke yake, kwa kuwa wapo wachapaji wanaobadilisha mwaka na kuiacha mipaka ilivyokuwa.

Ikishapita kwenye mipaka, angalia kama ina barabara na reli. Ramani nyingi za ukutani zimepakwa rangi za mikoa na kuishia hapo, wakati mtoto anahitaji mstari wa kuufuata kwa kidole. Kwa njia yetu nataka nione Tunduma, Mbeya, Igawa, Makambako, Mafinga, Iringa, Mikumi na Morogoro, na pia nataka nione reli ya TAZARA ikiachana na barabara kuu pale Makambako na kushuka kuelekea Mlimba. Mtoto mkubwa atapenda kujua kwamba reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, na kwamba kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatesa wajenzi kwa mahandaki na madaraja yake.

Sasa nije kwenye jambo lililonila jioni nzima. Nilitaka kumtengenezea yule mtoto wa dada yangu ramani mpya yenye uzi uliobandikwa juu ya barabara, ili apime mwenyewe umbali wa safari. Nilipata ramani nzuri ya ukubwa wa A3 yenye skeli ya 1:5,000,000, ambapo sentimita moja ni kilomita 50, nikaipeleka ikakuzwe hadi A2 ili isomeke ukutani. Nikalaza uzi kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, nikaunyoosha kwenye rula, nikapata sentimita 22 na nusu. Kuzidisha kwa 50 kulinipa kilomita 1,125, wakati kila abiria wa Mbeya anajua kwamba safari hiyo ni ya takriban kilomita 830. Nikapima tena, nikabadilisha uzi, nikailaumu rula, na usiku ukaingia.

Kosa lilikuwa kwenye kukuza. Ukiitoa ramani A3 kwenda A2, kila urefu huongezeka mara 1.41, lakini tarakimu za skeli zilizochapishwa pale chini hubaki zile zile, kwa hiyo zinakuwa hazisemi kweli tena. Kinachobaki sahihi ni skeli ya mstari, ule mstari mdogo uliogawanywa kwa kilomita, kwa sababu wenyewe hukua pamoja na ramani. Nilipoupima uzi wangu kwa mstari huo nilipata karibu kilomita 800. Zile thelathini zilizopungua zinatokana na kona ambazo ramani ndogo hulazimika kuzinyoosha. Anayeujua mlima Kitonga anaelewa zimekwenda wapi. Kwa hiyo nunua ramani yenye skeli ya mstari tu. Ukikuta yenye tarakimu peke yake na unakusudia kuikuza, chora mwenyewe mstari wa sentimita mbili kwenye ramani ya awali, andika "kilomita 100" ikiwa skeli ni ile ya 1:5,000,000, kisha ndipo uipeleke ikakuzwe.

Kuhusu uzi, tumia wa pamba mnene. Wa sufu huvutika na kumpa mtoto jibu tofauti kila anapopima. Ubandike kwa gundi nyeupe au uji mzito wa ngano, si kwa pini, ikiwa nyumbani kuna mtoto anayetambaa. Kata uzi wa pili wa urefu ule ule na umwachie mtoto, kwa kuwa ule wa kwanza ukishabandikwa hautoki tena kwenda kwenye skeli.

Wateja huniuliza pia kama ramani iwekwe laminesheni. Kwa mtoto wa miaka saba au zaidi, jibu langu ni hapana. Plastiki huilinda karatasi, lakini penseli haiandiki juu yake, na mimi nataka mtoto aandike tarehe pembeni ya Mafinga siku baba yake alipopiga simu kutoka Mafinga. Karatasi ikichakaa, itakuwa imechakaa kwa kutumika. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano anayeshika kila kitu kwa mikono yenye maembe, iweke laminesheni.

Ramani ya zamani usiitupe. Kwa binti wa jirani yangu mwenye miaka kumi na mmoja tulichukua mbili, ya zamani na ya sasa, ili azilinganishe na kutafuta mwenyewe kilichobadilika, na tayari anazijua dira, ufunguo na skeli kutokana na masomo yake. Kaka yake wa miaka saba alipata ramani yake peke yake, kwa sababu watoto wawili hawagawani ukuta mmoja kwa amani.

Hatua ya 4: Ongeza kitu cha kutumika njiani

Kitu kimoja kinatosha. Daftari lenye jalada gumu na penseli ndivyo ninavyovipenda zaidi. Sishauri kalamu ya wino, kwa sababu mvua ya Tukuyu haichagui siku, na ukurasa ukilowa wino husambaa, ilhali maandishi ya penseli hubaki.

Darubini ya macho mawili inafaa kwa familia itakayokwenda kuona wanyama katika Hifadhi ya Ruaha. Namba kama 8x25 inamaanisha kwamba darubini inakuza mara 8 na kwamba kioo chake cha mbele kina kipenyo cha milimita 25. Usivutwe na zile zinazojitangaza kukuza mara 30, kwa kuwa mkono wa mtoto hutetemeka na kila mtetemo nao hukuzwa, hivyo tembo anageuka ukungu. Mara 6 au 8 zinatosha. Mwambie mtoto, kabla hajaigusa, kwamba haielekezwi kwenye jua kamwe.

Begi la mgongoni nalo ni zawadi njema, mradi likijaa lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtoto. Mwenye kilo 25 abebe kilo mbili na nusu. Mabegi ya mtumba ya Mwanjelwa mara nyingi yameshonwa imara kuliko mapya, lakini fungua na ufunge zipu zote mara tatu kabla hujalipa.

Hatua ya 5: Fikiria kumpa safari fupi

Ukiwa na nauli, mpe safari. Kwa anayeishi Iringa, Isimila iko karibu na mji, na zana za mawe za watu wa kale zinaonekana pale pale zilipofukuliwa. Kwa wa Mbeya kuna Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi lililoanguka kutoka angani, au Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira. Kitulo, hifadhi ya maua ya porini, iendewe wakati wa masika, kati ya Desemba na Aprili, maana ukienda Julai utakuta baridi kali na maua machache. Anayefika Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, amnunulie mtoto chungu kidogo cha Wakisi, wafinyanzi wa huko, akifunge katikati ya nguo ndani ya begi, si juu yake.

Hatua ya 6: Ikabidhi mapema

Mpe mtoto zawadi yake walau wiki mbili kabla ya safari. Akiipata asubuhi ya kuondoka, atakuwa na usingizi na ramani itaishia chini ya kiti cha basi. Ikiwa msafiri ni mzazi, kama jirani yangu, kubalianeni vituo vya kupiga simu. Wao walichagua Makambako, Mafinga na Mikumi, na mtoto husogeza kipande cha karatasi ya rangi kwenye uzi kila simu inapoingia.

Ramani isikunjwe kwa namna yoyote, kwa kuwa mikunjo hupasuka kwanza, na mara nyingi hupita juu ya miji unayoihitaji. Iviringishe, uiingize kwenye bomba la karatasi ngumu ambalo vitambaa huzungushiwa. Wauza vitambaa sokoni huyatupa yakishabaki matupu, na ukiwaomba kwa adabu watakukatia urefu unaoutaka bila malipo.