Jinsi ya kupima injini ipi itadumu kuliko nyingine

Usianze na jina la gari. Anza na namba ya aina ya injini, maana gari la jina lile lile huuzwa na injini tofauti kabisa. Toyota 1NZ-FE na 2AZ-FE zote ni za petroli, zote zina taimingi cheni, yaani cheni inayoendesha valvu kwa mpangilio wa pistoni. Lakini 2AZ-FE nyingi za 2007 hadi 2009 hula oili: vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni huziba masizi, ringi (pete zinazozunguka pistoni) huganda, oili hupanda juu na kuungua.

Kisha angalia nguvu inatoka kwenye ujazo gani. 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), hutoa nguvu farasi 130 hivi. Ford EcoBoost ya petroli, lita 1.0, ina toleo la 125. Ya kwanza haijikamui. Ya pili inategemea tabo, na oili ikichelewa kubadilishwa tabo ndiyo huumia mapema. Tena EcoBoost za mwanzo zina mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Ukimeguka, vipande huziba chujio la pampu, na injini hufa kwa kukosa oili huku sampu, bakuli la oili chini ya injini, imejaa.

Mkanda mkavu, usiozunguka ndani ya oili, hauna ubaya wowote ukibadilishwa kwa wakati. Cheni nayo hurefuka oili ikiwa chafu. Isikilize injini ikiwashwa asubuhi, sekunde chache za mwanzo: cheni iliyorefuka hugongagonga.

Injini mbili zikiwa mbele yako, pima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda hukandamizia hewa. Kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma, geji ya kupimia presha hiyo hairudishwi. Kwa petroli: pasha injini moto, toa plagi zote, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na soketi za koili. Funga geji kwenye silinda ya kwanza, kanyaga akselereta hadi chini, piga stata mpaka mshale usipande tena. Rudia kila silinda.

Injini nyingi nzima husoma bar (kipimo cha presha) 12 hadi 14, ila kinachosema zaidi ni tofauti kati ya silinda. Isizidi asilimia 10. Tuseme umepata 13, 12.8, 13.1 na 9.5. Mimina kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi la ile ya nne, pima tena. Ikipanda hadi 12, ringi zimechoka. Ikibaki pale pale, shuku valvu au gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloki. Silinda mbili jirani zikishuka pamoja, mara nyingi gasketi imeungua katikati yake.

Zote zikisoma chini, usiilaumu injini bado: huenda betri ni dhaifu au akselereta haikukanyagwa. Dizeli ina geji yake. Presha yake huvunja ile ya petroli.

Ukiweza kulitumia gari kwanza, pima oili kwa dipstiki penye usawa, injini ikiwa baridi, kisha tena baada ya kilomita 1,000. Ikipungua zaidi ya nusu lita bila kuvuja, chagua nyingine.