Jinsi ya kudumu na mazoezi: zipange siku zako mbaya kwanza

Wengi wanaonijia hawana shida ya kuanza mazoezi. Wameshaanza mara tano, mara sita, mara kumi. Kuchuchumaa wanajua, pushapu wanajua, raba wanazo. Kinachowaangusha ni wiki ya tatu: kazi imebana, mtoto kaamka na homa, mvua imepiga asubuhi mbili mfululizo, na siku moja ya kukosa inazaa mwezi mzima wa kukosa.

Mimi ni kocha wa mtu mmoja mmoja. Waliodumu mikononi mwangu hawakuwa na ari kuliko wenzao. Walikuwa wameshaamua, mapema na kwa maandishi, watafanya nini siku ambayo mwili hautaki. Nidhamu ninayoifundisha ni hiyo, na hatua zilizo hapa chini ndizo ninazopita na kila mteja mpya, kwa mpangilio huohuo.

Kabla ya yote: kama una ugonjwa wa moyo, presha, kisukari, ujauzito, au umefanyiwa upasuaji hivi karibuni, mwone daktari kwanza. Na ukiwa katikati ya mazoezi kifua kikabana, ukapata kizunguzungu, au pumzi ikakatika isivyo kawaida yako, acha hapohapo utafute matibabu. Hilo usilipime kwa ujasiri.

Hatua ya 1: Iandike wiki yako ilivyo

Chukua daftari. Kwa siku saba usifanye zoezi lolote jipya, andika tu. Umeamka saa ngapi, umetoka saa ngapi, umerudi saa ngapi, ni wakati gani ulikaa bila la kufanya, ni wakati gani ulichoka hasa. Usiandike wiki unayoitamani. Wateja wengi huniambia wataamka saa kumi na moja alfajiri, na daftari linaonyesha wamelala saa saba usiku siku nne kati ya saba. Mtu huyo tukimpangia alfajiri, tumempangia kushindwa.

Baada ya siku saba tafuta nafasi iliyojirudia angalau siku nne. Hata iwe ya dakika ishirini, ndiyo yako.

Hatua ya 2: Yafunge mazoezi kwenye jambo unalolifanya tayari

Ukisema “kesho nitafanya mazoezi”, umetamani tu. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mtu anayetaja wakati, mahali na kitendo hutimiza nia yake zaidi ya yule anayetaja lengo peke yake. Kwa Kiswahili umbo la sentensi hiyo tunalo tayari: *nikisha… nita…*

“Nikishapiga mswaki asubuhi, nitavaa raba na kutoka nje.” “Nikishafika nyumbani, kabla ya kukaa, nitabadilisha nguo na kutandika mkeka.” Maneno “kabla ya kukaa” niliyaongeza baada ya kuona wangapi wanaumaliza mpango wao kwenye kochi.

Iandike sentensi yako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Usiku, weka nguo na raba mahali ambapo huwezi kupita bila kuziona.

Hatua ya 3: Uwe na mipango miwili

Ukiwa na haraka, ziache hatua nyingine zote lakini hii uisome taratibu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazito kwa dakika 75 hadi 150, na mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili. Ni lengo zuri la kulifikia polepole. Mwongozo huohuo unasema kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na mpango wa pili nimeujenga juu ya maneno hayo.

*Mpango kamili* ni wa siku ya kawaida. Kwa anayeanza, siku tatu kwa wiki: dakika tano za kupasha mwili moto, dakika ishirini za kazi (kuchuchumaa, pushapu za ukutani au za magotini, kupandisha visigino, planki fupi, yaani kujishikilia umenyooka juu ya viwiko na vidole vya miguu), kisha kutembea taratibu hadi pumzi itulie. Siku nyingine mbili, kutembea haraka dakika thelathini.

*Mpango wa siku mbaya* ni wa dakika sita. Hauhitaji kifaa, hauhitaji kubadilisha nguo, hauhitaji kutoka chumbani. Wa kwangu ni huu: kuinuka kitini na kukaa mara 10, pushapu za ukutani 10, kupandisha visigino mara 15, pumzika dakika moja, rudia mara moja. Basi.

Mpango huu una masharti mawili. Kwanza, andika sasa hivi, ukiwa mtulivu, ni siku gani inaitwa mbaya: nimelala chini ya saa tano, nimerudi baada ya saa tatu usiku, nina mgonjwa nyumbani. Sababu ikitokea, huna mjadala na nafsi yako. Unafungua mpango wa pili. Pili, ukiufanya, siku hiyo imehesabika. Alama ya vema inawekwa ileile, wala hakuna nusu alama.

Kuna mteja wangu, muuguzi wa zamu za usiku na mama wa watoto wawili. Miezi miwili ya kwanza alikuwa ananiandikia kila baada ya zamu: “Kocha, leo nimeshindwa tena.” Mipango yake ilikuwa mizuri, ila yote ilikuwa ya mtu aliyelala. Tukakaa tukaandika mpango wa dakika sita wa kufanya akiwa bado na sare, kabla hajavua viatu. Wiki ya kwanza aliona kama namdanganya. “Dakika sita zitanisaidia nini, Kocha?” Nikamjibu, “Dada, hizo hatuzifanyi kwa ajili ya misuli. Tunailinda njia isiote majani.” Akaendelea. Mwezi huo alipata mazoezi kumi na saba, kumi yakiwa ya dakika sita. Kabla ya hapo mwezi wake bora ulikuwa na matano.

Watu huniuliza mazoea yanashika baada ya siku ngapi, na wengi wameshasikia 21. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96 waliojaribu kuzoea jambo moja kila siku. Kwa wale ambao mwenendo wao uliweza kukadiriwa vizuri, muda ulianzia siku 18 hadi 254, na wa katikati ulikuwa siku 66. Waliochagua mazoezi walielekea kuchelewa kuliko waliochagua kula au kunywa kitu. Na kukosa siku moja hakukuharibu safari. Kwa hiyo ukifika siku ya thelathini na bado unajisukuma, hujapungukiwa kitu; uko njiani.

Hatua ya 4: Anza chini ya uwezo wako

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Mwaka wangu wa kwanza wa ukocha nilimpa kijana mmoja kuchuchumaa mara mia siku ya kwanza, kwa sababu aliniomba na kwa sababu aliweza. Kesho yake alishuka ngazi akishika ukuta kwa mikono miwili. Hakurudi, na sikumlaumu. Uwezo wa leo haukuambii mwili utakuwaje keshokutwa: maumivu ya misuli baada ya kazi mpya hufikia kilele kati ya saa 24 na 72.

Kipimo ninachotumia ni mazungumzo. Ukifanya mazoezi ya wastani unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Ukibaki na maneno mawili matatu kati ya pumzi na pumzi, umeingia kwenye mazito; wiki nne za kwanza usikae huko. Kwa mazoezi ya nguvu, acha ukiwa bado ungeweza kurudia mara tatu zaidi.

Utaona nguvu zinapanda haraka wiki za mwanzo. Sehemu kubwa ni mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli. Misuli yenyewe huja nyuma, na kano, zile kamba zinazoshikanisha misuli na mifupa, huchelewa kuliko misuli. Ndiyo maana mtu anajisikia shujaa wiki ya tano, anaongeza kila kitu kwa pamoja, na wiki ya saba goti au kisigino kinamsimamisha. Ongeza jambo moja kwa wakati: ama marudio, ama raundi, ama siku.

Hatua ya 5: Daftari liseme ukweli

Mstari mmoja kwa siku unatosha. Ukurasa wa yule muuguzi ulikuwa hivi:

Jumatatu – kamili – dk 32 – uchovu 5
Jumanne – zamu – siku mbaya, dk 6 – uchovu 7
Jumatano – sikufanya – nililala mchana wote
Alhamisi – siku mbaya, dk 6 – uchovu 4 (ningeweza kamili)

Uchovu unaupima mwenyewe, 0 hadi 10. Usiandike visingizio, wala usijitukane, andika kilichotokea. Maneno yale ya mabano ya Alhamisi ndiyo yaliyonifaa kuliko kurasa zote: siku ya pili baada ya zamu mwili wake ulikuwa umesharudi, nasi tulikuwa tunaupa dakika sita. Tukauhamishia mpango kamili Alhamisi. Hilo nisingeliona kwa kumtazama akichuchumaa, na yeye asingelikumbuka kwa kichwa.

Kila baada ya wiki nne lisome lote kwa mara moja. Tafuta siku inayokosekana kila wiki. Ikiwa ni ileile, tatizo ni ratiba, na ratiba inahamishika.

Hatua ya 6: Tafuta jicho la pili

Mganga hajigangi. Mimi ni kocha na nina kocha, kwa sababu peke yangu huwa naona ninachotaka kuona.

Kocha mzuri utamtambua kwenye kikao cha kwanza: anauliza kabla ya kuonyesha. Umelala vipi, uliwahi kuumia wapi, kazi yako ni ya kukaa au ya kusimama, ulishawahi kuacha na kwa nini. Anakutazama ukitembea na ukichuchumaa bila uzito. Ukimuuliza “kwa nini zoezi hili?” ana jibu linalokuhusu wewe. Ondoka kwa anayekuahidi kilo kadhaa kufikia tarehe fulani, anayekuuzia vidonge, au anayekwambia maumivu ya kiungo ni udhaifu wa moyo.

Kisha mkubaliane mambo matatu tangu mwanzo: utaripoti siku gani, utaripoti nini, na yeye atafanya nini ukinyamaza. Hili la tatu watu hulisahau, nalo ndilo lenye kazi. Kwangu, mteja akikaa siku tatu bila mstari, nampigia simu na swali ni moja: “Kesho saa ngapi?” Simuulizi kwa nini. Akianza kujieleza atajionea haya, na mwenye haya hukimbia.

Kama huna uwezo wa kocha, rafiki mmoja mkweli anafaa. Mtumie picha ya ukurasa wa daftari kila Jumapili. Mwombe asikusifu wala asikukaripie. Asome tu na kuuliza juu ya mstari mmoja.

Hatua ya 7: Ukikosa

Usilipe deni. Zoezi la jana limeondoka na jana; ukiyabeba mawili leo, kesho utayakosa yote. Ukikosa siku mbili mfululizo, ya tatu iwe ya mpango wa siku mbaya hata kama unajisikia vizuri, ili tu mlango ufunguke.

Ukiwa na homa, pumzika. Ukirudi baada ya wiki mbili au tatu, anza na nusu ya ulichokuwa unafanya kwa wiki nzima. Pumzi hupungua mapema, nguvu hukaa zaidi, na zote mbili hurudi upesi kuliko zilivyojengwa mara ya kwanza.

Hatua ya 8: Mpunguze kocha

Miezi miwili ya kwanza, kikao kila wiki. Mwezi wa tatu, kila wiki mbili. Kuanzia hapo mteja anaandika mpango wa mwezi mwenyewe na mimi nausahihisha. Nikiona bado nauandika mimi baada ya miezi sita, najua kuna kitu sijamfundisha.

Muuguzi aliniletea mpango wake wa kwanza wiki ya kumi na nne. Siku tatu za mpango kamili, zamu zimezungushiwa duara, na siku mbaya tano ameshazipanga kabla mwezi haujaanza, kila moja na saa yake. Nilibadilisha kitu kimoja: planki ya pili nikaifupisha kutoka sekunde 45 hadi 30.