Kutoka Lamu Hadi Kongamano la Hadithi za Kisayansi, na Kurudi

Mtu wa Lamu anayetaka kuhudhuria kongamano la hadithi za kisayansi ng'ambo namshauri aipange safari yake kuanzia mwisho, yaani kuanzia siku atakayoshuka tena jetini na mzigo wake mkononi. Nilikwenda Glasgow, Uskoti, mwezi wa Agosti mwaka 2024, na karibu kila lililonifaa na kila lililonisumbua lilihusu kurudi. Waliopokea maombi ya viza walitaka kujua nitarudi kwa sababu gani, begi lilidai nafasi ya vitabu vya kurudi navyo, na vijana wa barazani walitaka kujua nitawarudia na hadithi zipi.

Kongamano ninalolizungumzia ni Worldcon, lililofanyika mara ya kwanza New York mwaka 1939 na ambalo huhamia mji mwingine kila mwaka, ingawa halijapata kufanyika Afrika. La mwaka 2027 limepangiwa Montréal, Kanada. Wanaoliandaa ni mashabiki wanaojitolea, na kwa kawaida anayehudhuria hanunui tiketi bali hulipia uanachama. Aliyekulia Lamu hatapata taabu kulielewa jambo hili, kwa kuwa ameona wakati wa Maulidi jinsi wageni wanavyokuja kutoka mbali na wenyeji wanavyojitwika kazi bila malipo, wala hakuna anayejihesabu kuwa mteja. Uanachama una sehemu mbili: ya kwanza humpa mtu haki ya kushiriki katika tuzo za Hugo, ambazo wanachama huzipigia kura kuchagua kazi bora za aina hii na zilizoanza kutolewa mwaka 1953, na ya pili humruhusu kuingia kumbini. Ada hupanda kadiri siku zinavyokaribia, hivyo ni vyema kulipa mapema. Ikiwa kongamano la mwaka huo lina uanachama wa kufuatilia vikao kwa intaneti, mwenye shaka angeanza na huo kabla ya kutumia akiba yake kwa nauli.

Viza ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo inayostahili subira kubwa zaidi. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na wengi wetu huenda Mombasa kwa ajili hiyo. Hakikisha ina zaidi ya miezi 6 ya uhai baada ya tarehe ya kurudi. Maombi ya viza ya matembezi ya Uingereza hupokewa kuanzia miezi 3 kabla ya safari. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja, hupokea kuanzia miezi 6 kabla, nazo hudai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Waandaaji hutoa barua ya kuthibitisha kwamba wewe ni mwanachama, lakini barua hiyo hueleza sababu ya kwenda tu. Sababu ya kurudi ni lazima uithibitishe mwenyewe, na hapo ndipo watu wa visiwani tunapopata shida, kwa kuwa nyumba nyingi ni za urithi zisizo na hati kwa jina la mtu mmoja, na fedha nyingi hupita M-Pesa bila kufika benki. Miezi 6 kabla ya kuomba, anza kuyapitisha mapato yako benki kwa utaratibu ule ule kila mwezi, wala usiweke kwa ghafla fedha nyingi ulizokopeshwa na ndugu, kwa maana atakayezisoma taarifa zako atauliza zimetoka wapi. Mwajiriwa achukue barua inayotaja likizo yake inaanza lini na anatarajiwa kazini tarehe gani. Mfanyabiashara aambatishe leseni ya kaunti, na mwenye chombo aambatishe usajili wake. Karatasi isiyo ya Kiingereza ifanyiwe tafsiri kabla ya kuipeleka Uingereza. Ikiwa unatamani kujitolea kufanya kazi kongamanoni, hakikisha kwanza kwamba masharti ya viza yako yanaruhusu.

Baada ya hapo ni njia. Agosti kusi bado linavuma, na mkondo kati ya Lamu na Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege, unaweza kumlowesha mtu na karatasi zake, kwa hiyo nyaraka zote zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Ndege ndogo za Manda mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, hata kama ndege kubwa ya kutoka Nairobi inaruhusu mara mbili ya hizo, na baadhi yake hutua Wilson, uwanja wa Nairobi ulio mbali na ule wa kimataifa. Lala Nairobi usiku mmoja unapokwenda na mwingine unaporudi. Mimi niliuhesabu wa kwenda nikausahau wa kurudi. Nilitua Nairobi jioni, ilhali ndege za Lamu huruka mchana, na usiku ule niliumaliza juu ya kiti, nimekumbatia begi la vitabu.

Ratiba ya kongamano huandikwa kwa saa 24 za kizungu, na mtu aliyechoka hukosea kwa urahisi, hivyo iandike upya kwa saa zetu usiku uliotangulia: 10:00 ni saa nne asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana. Vikao huwa vingi mno na vingi hufanyika kwa wakati mmoja. Chagua vitatu kwa siku, kisha ujiandikishe mapema kwa zile meza ndogo ambapo watu wachache huketi na mwandishi mmoja kwa muda wa saa moja, kwa sababu ni pale mtu anapoweza kuuliza swali na kujibiwa kama mgeni barazani. Niliuliza jinsi mwandishi anavyoipa jina mashine ambayo bado haijabuniwa, tukajikuta tunazungumza kuhusu maneno ya mabaharia, tanga na foromali, na jinsi chombo cha angani kinavyoweza kuyarithi. Mazungumzo yale kwangu yanazidi kikao chochote cha ukumbi mkubwa.

Wengi huvaa kama wahusika wa hadithi, na anayevaa kanzu na kofia ya vito anaweza kuulizwa yeye ni mhusika gani. Mjibu muulizaji kwa upole kwamba haya ndiyo mavazi ya kwetu, na umwonyeshe mshono wa kofia, kwani aghalabu huwa ameuliza kwa kupendezwa. Wewe nawe usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Kuhusu sala, fahamu kwamba mapema Agosti jua la Glasgow huzama mnamo saa tatu usiku, na Isha huchelewa sana. Muulize mwanachuoni wako kabla ya kuondoka kuhusu kukusuru, yaani kuzifupisha sala safarini, na kuzikusanya, kwa kuwa idadi ya siku utakazokaa ina hukumu yake katika madhehebu yetu. Msikiti mkuu wa mji uko kando ya mto Clyde, mto ule ule unaopita mbele ya kumbi za kongamano.

Vitabu vinunuliwe siku ya mwisho, na begi liwe limeondoka nyumbani likiwa nusu tupu. Chagua vyembamba, na vile usivyoweza kuvipata kwa simu. Usishangae ukirudi na kikohozi, maana maelfu ya watu wamevuta hewa moja kwa siku 5, basi subiri kidogo kabla ya kwenda kuwaamkia wazee.

Ukipona, keti barazani baada ya Isha na usiisimulie ratiba. Chukua hadithi moja uliyoisoma au kuisikia kule, uisimulie yote kwa Kiswahili, na kitabu chenyewe umwachie atakayekiomba. Kisha fungua daftari, kwa sababu uanachama wako haujaisha. Aliyekuwa mwanachama wa mwaka uliopita ana haki ya kupendekeza kazi kwa tuzo za Hugo za mwaka unaofuata bila kulipa tena, hadi kazi 5 katika kila kundi, na kura ya mwisho ndiyo inayohitaji uanachama mpya. Kanuni zinakubali kazi iliyochapishwa kwa lugha yoyote, na ikija kutafsiriwa kwa Kiingereza baadaye hupata nafasi nyingine. Kwa hiyo kila hadithi ya Kiswahili ya aina hii uliyoiona imechapishwa ndani ya mwaka, andika jina lake, la mwandishi na mahali ilipotokea, ili fomu itakapofunguliwa katika miezi ya mwanzo ya mwaka uijaze ukiwa pale pale Lamu.