Jumamosi ya michezo kwa watoto wote: namna ya kuianzisha mtaani

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu hapa Dar es Salaam. Mara nyingi mtoto mwenye mtindio wa ubongo (ubongo haumudu vizuri misuli na mwendo) au usonji (hali inayoathiri mawasiliano na namna ya kuhisi mambo, kama kelele) anafahamika kliniki, lakini watoto wa nyumba ya pili hawajui hata jina lake. Anzia hapo. Huhitaji mfadhili, tafuta eneo, muda wa saa moja kila Jumamosi, na watu wazima watatu au wanne wa kuaminika.

Hatua ya 1: Bisha hodi kwa adabu. Mwone kwanza mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe, kisha ongozana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, maana anazijua nyumba. Usiulize, "Humu kuna mlemavu?" Salimia, kaa, sema Jumamosi watoto wa mtaa wanacheza na ungependa wa nyumba hii waje wote. Mama akisita usimsukume. Huenda ameshaambiwa mengi: mtoto karogwa, au ni adhabu. Mwalike aje kutazama tu.

Hatua ya 2: Eneo. Penye mchanga mwingi kiti mwendo huzama, kwa hiyo chagua ardhi ngumu. Saa kumi na nusu jioni jua limepungua. Hata hivyo mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu. Pembeni tandika mkeka, tundika khanga kwenye kamba. Mtoto akiziba masikio kwa kelele, aende pale apumzike, na asiitwe mtukutu.

Hatua ya 3: Waandae watoto wengine. Watauliza, nawe wajibu kweli: "Mwenzenu anasikia vizuri, ila mdomo unachelewa kutamka. Mngojeeni amalize." Watoto wanaelewa haraka kuliko sisi.

Hatua ya 4: Mchezo uleule, kanuni zilegezwe. Chukua rede. Wawili wanarusha mpira, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Aliye kwenye kiti mwendo awe mrushaji, na mstari wake usogezwe karibu. Kwa asiyeona, shona mpira wa soksi wenye kichupa cha dawa chenye kokoto ndani, ausikie unakotokea. Nina mtoto mmoja mwenye usonji asiyevumilia kabisa kurushiwa mpira. Yeye hujaza chupa, mwenzake hukwepa. Anamimina kiganja kwa kiganja, anausawazisha mchanga kwa kidole mpaka shingoni, na timu yake inamgombania. Kanuni mpya waachie watoto wenyewe wazitunge, zao hudumu.

Hatua ya 5: Usalama. Hapa sina mzaha. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo alishwe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, kamwe asilazwe wala kuinuliwa kichwa nyuma, maana atapaliwa. Kifafa kikimpata mtoto, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie chochote mdomoni, angalia saa. Kikipita dakika 5, hospitali mara moja.

Hatua ya 6: Peleka suala serikalini. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazitambua kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya mtaa. Uliza kama yenu ipo na inakutana lini. Mjulishe pia afisa ustawi wa jamii wa kata, hasa kama kuna mtoto aliyefikia umri wa shule na bado yuko nyumbani. Siku ya kwenda ofisini nenda na wazazi, wao ndio waseme. Wewe shika daftari, andika kilichoahidiwa na tarehe yake.