Somo: Kuunganisha simu na redio ya gari kwa Bluetooth, hasa magari yaliyotoka Japani

Wakuu, habari za kazi. Wengi wanaoleta gari kwangu hapa Nyakato wakilalamika kwamba "simu inagoma", simu zao ni nzima kabisa. Tatizo liko kwenye redio, na mara nyingi hata redio si mbovu, ila haikutengenezwa kufanya kile wanachokitaka. Magari yetu mengi hapa Mwanza, kuanzia IST na Premio hadi Noah na zile Probox za mchomoko, yalitumika Japani kabla ya kufika kwetu, na redio zake alitengenezewa Mjapani: maandishi yake, masafa yake, hata ramani ni ya mitaa ya kwao. Ndiyo maana somo hili naanzia kwenye redio. Simu itafuata.

Ijue redio yako kwanza

Kama redio yako ni ile ya CD isiyo na skrini, kuna uwezekano mkubwa haina Bluetooth kabisa, na hata ukiitafuta kwenye simu mpaka jioni hutaiona. Tazama usoni kama ina tundu la AUX, ni sawa na lile la earphone. Likiwepo una bahati, nitakueleza huko chini.

Ikiwa ni ya skrini iliyokuja na gari, tafuta alama ya Bluetooth au ya kipokeo cha simu kwenye vitufe, kwenye skrini au kwenye usukani. Hapo ndipo penye mtego. Watu wanadhani Bluetooth ya gari ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba kuna njia ya mazungumzo, inaitwa HFP, na kuna njia ya muziki, inaitwa A2DP, na hizi zinajitegemea. Redio inaweza kuwa na ya mazungumzo tu. Utapigiwa simu, utaongea vizuri, lakini wimbo hautoki hata ufanyeje. Kabla hujamlaumu mtu, soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha redio, itafute mtandaoni, uone kama A2DP imetajwa.

Redio za Android za Kichina, zile zenye skrini kubwa zinazofungwa mjini, hazina shida hiyo. Zina njia zote mbili na lugha unachagua mwenyewe. Shida yake ni maikrofoni, tutaifikia.

Hatua zenyewe

1. Simamisha gari, weka P, vuta handibreki. Siyo usalama tu. Redio nyingi za Kijapani hufunga ukurasa wa kusajili simu gari likiwa linatembea, na nyingine zinasikiliza waya wa handibreki. Zamani watu wa Sengerema na Geita walikuwa wanafanya kazi hii kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 zile kilomita 3 za maji unazipita kwa dakika chache, kwa hiyo malizia nyumbani kabla hujaondoka.

2. Kwenye redio ingia kwenye setingi, kisha sehemu ya Bluetooth au ya simu. Kama maandishi ni ya Kijapani, nakili haya mahali: 設定 ni setingi, 電話 ni simu, 登録 ni kusajili, 接続 ni kuunganisha, 削除 ni kufuta, はい ni ndiyo, いいえ ni hapana. Ukikwama kabisa, chukua simu ya pili, fungua programu ya kutafsiri kwa kamera, ielekeze kwenye skrini. Inatafsiri kwa Kiingereza cha ajabuajabu lakini utaelewa. Tafuta 登録, bonyeza, redio ianze kusubiri simu.

3. Kwenye simu washa Bluetooth na ubaki hapohapo kwenye ukurasa wake. Watu wengi wanaiwasha kwa kuvuta pazia la juu, halafu wanarudi WhatsApp. Kwa simu nyingi, ukishatoka kwenye ukurasa ule vifaa vipya haviioni tena.

4. Jina la gari litatokea. Za Toyota nyingi hujiita CAR MULTIMEDIA, za Kichina hujiita kitu kama CAR-KIT. Ukiwa stendi ya Nyegezi au Buzuruga utaona majina yanayofanana ya magari ya watu wengine, kwa hiyo sogea pembeni kidogo. Kuna redio ambazo zenyewe ndizo zinazoitafuta simu. Kwa hizo, chagua jina la simu yako kwenye skrini ya gari.

5. Itakuja namba ya tarakimu 6 kwenye simu na kwenye redio. Zikifanana, kubali pande zote mbili. Watu wanakubali kwenye simu na kusahau upande wa redio, muda unapita, wanaanza upya. Redio za zamani huomba namba ya siri: jaribu 0000, ikikataa 1234. Nyingine zimeiandika kwenye skrini hiyohiyo, tazama vizuri.

6. Simu itauliza kama iruhusu gari kusoma majina na kumbukumbu za simu zilizopigwa. Hili halina ulazima. Ukikataa, simu zitaendelea kuingia na kutoka, ila majina hayataonekana. Kwenye gari la kukodi au la ofisi mimi ningekataa.

7. Bonyeza kitufe cha kubadilisha chanzo kwenye redio mpaka uone BT Audio. Kisha pandisha sauti ya simu yenyewe mpaka karibu na mwisho, na sauti ya kusikiliza uirekebishe kwa kitufe cha redio. Ukifanya kinyume, simu chini na redio juu, utasikia mvumo.

Ukizima gari na kuliwasha tena, simu inatakiwa iungane yenyewe.

Kama redio haina Bluetooth

Mwenye tundu la AUX anunue kipokezi cha Bluetooth, kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye AUX na kupata umeme kwenye USB. Sauti yake ni safi. Kwangu mimi hii ndiyo njia bora kwa asiyetaka kubadilisha redio.

Asiye na AUX anabaki na transmita ya FM, ile ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Simu inaungana na transmita, transmita inarusha muziki kwenye masafa ya FM, redio ya gari inayanasa kama stesheni. Hapa ndipo watu wanapoliwa hela, kwa sababu FM ya Japani haifanani na yetu. Kwao inaanzia 76 MHz. Redio za zamani zinaishia 90, mpya zinafika 95. Sisi tuko kati ya 87.5 na 108. Ukinunua transmita ikaja imewekwa 101.5, redio inayoishia 90 haitaisikia kamwe. Unairudisha dukani unasema ni feki, kumbe ilitakiwa uiweke kati ya 87.5 na 90 basi.

Kuna magari yaliyofungwa ekspanda, kiboksi kidogo kwenye waya wa antena, ili yashike stesheni zetu. Ekspanda inayashusha masafa yote, pamoja na ya transmita yako. Kama yako inapunguza 12, transmita ukiiweka 100.1 utaitafuta kwenye redio 88.1. Hujui inapunguza ngapi? Washa stesheni unayoijua namba yake, iwe Radio Free Africa au nyingine yoyote, soma namba inayoonekana kwenye redio ya gari, kisha toa.

Chagua sehemu tupu, yenye mkwaruzo mtupu bila hata sauti ya mbali. Sehemu iliyo tupu Ilemela inaweza kuwa na stesheni ukifika Bunda. Hilo haliepukiki.

Maswali ya wanachama (kila muulizaji nimemtaja kwa eneo lake)

Igoma: Mwangaluka fundi! Nina Premio, simu inaonesha imeungana na gari, nikipigiwa naongea vizuri, ila nyimbo zinalia kwenye simu. Nimeshafuta na kuunganisha upya, hakuna kitu.

Mwangaluka mkuu. Kwanza hakikisha redio iko kwenye BT Audio, siyo FM wala CD. Pili, kwenye simu nenda kwenye orodha ya Bluetooth, bonyeza alama ya gia pembeni ya jina la gari. Ndani kuna swichi ya simu na swichi ya media. Ya media ikiwa imezimwa, iwashe. Ikiwa haipo kabisa, basi redio yako ni ile ya mazungumzo tu, na kufuta hakutasaidia. Angalia kama kuna AUX ndani ya boksi la katikati ya viti. Kwenye baadhi ya Toyota limefichwa humo.

Pasiansi: Shikamoo fundi. Gari nimelinunua kwa mtu, nikisajili simu linaleta maandishi ya Kijapani halafu linarudi mwanzo.

Marahaba dada. Nafasi zimejaa. Redio nyingi za namna hiyo hutunza simu tano hivi, na bado zina simu za mwenye gari wa Japani na za aliyekuuzia. Ingia kwenye orodha ya simu zilizosajiliwa, chagua moja moja, bonyeza 削除, thibitisha kwa はい. Na siku ukiuza gari lako, fanya hivyohivyo. Majina yote ya simu yako yanaweza kuwa bado yamo humo.

Kirumba Mwaloni: Boss, mimi nina Fuso nabeba dagaa. Nimeshaunguza transmita za FM, kila nikichomeka inawaka kidogo inakufa.

Pole sana kaka. Fuso yako ina umeme wa volti 24, magari madogo ni 12. Transmita nyingi za bei rahisi ni za 12 tu. Soma maandishi madogo nyuma ya boksi. Unataka iliyoandikwa 12–24V. Na usiichomeke kabla ya kupiga stata. Washa injini kwanza.

Buhongwa: Fundi nimefunga redio ya Android mwaka huu. Ninaowapigia wote wanasema nasikika kama niko ndani ya pipa. Redio mbovu?

Hapana. Redio hizo zina tundu nyuma kwa ajili ya maikrofoni ya nje, ile yenye waya mrefu na kishikizo. Aliyekufungia aidha hakuichomeka, ikabaki ile ndogo iliyo usoni mwa redio, au ameichomeka na kuiacha imelala nyuma ya dashibodi. Ipitishwe kwenye nguzo ya kioo cha mbele upande wako, usawa wa macho. Feni ya AC pia ishushe ukiwa unaongea, na vioo vifungwe. Kazi yenyewe si kubwa, mradi mtu awe na ile plastiki ya kufungulia dashibodi, asitumie bisibisi akakuachia makovu.

Usagara: Nimebadilisha betri ya gari, sasa redio inadai kadi ya SD, haifunguki popote. Bluetooth ilikuwa inafanya kazi wiki iliyopita.

Nadhani ni zile za Toyota kama NSCP-W64. Zina kadi ya ramani, na kadi ikikosekana baada ya umeme kukatika, redio inajifunga yote, siyo ramani pekee. Angalia kwanza kama kadi bado imo. Skrini inajifungua kwa mbele, utaona mlango wake. Wengine waliichomoa wakaijaza nyimbo bila kujua. Ikiwa ndivyo, usiendelee kuitumia hiyo kadi kwa chochote, peleka kwa fundi mwenye faili za modeli hiyohiyo. Akikuambia suluhisho ni kununua redio nyingine, sikiliza na fundi wa pili. Safari nyingine ukibadilisha betri, mwambie fundi aunganishe betri ya pembeni ili umeme usikatike wakati anachomoa.

Nyegezi: Fundi mimi nabeba abiria. Juzi mama watoto katuma voice note ya WhatsApp, nikagusa bila kufikiri, gari zima likasikia habari za ada na za shemeji. Nawezaje kuzuia bila kuzima simu zinazoingia?

Pole mkuu, abiria sasa wanakufahamu. Voice note haihesabiwi kama simu, inapita njia ya muziki, ndiyo maana ilitoka kwenye spika zote. Rudi kwenye ile gia pembeni ya jina la gari, zima swichi ya media, acha ya simu. Utapigiwa na kuongea kama kawaida, voice note zitabaki kwenye simu yako. Ukitaka muziki wa abiria, weka flashi kwenye USB. Na kumbuka simu ya kawaida ikiingia bado wote wataisikia, kwa hiyo mwambie mama watoto mambo ya ada apige jioni.