Somo: Kumaliza gemu ya The Lion King kwenye Switch bila kukwama kwa tumbili

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha, kwa muda sasa naulizwa swali lilelile. Mtu anaanza The Lion King, levo ya kwanza anaipita vizuri, ya pili inamkamata, anahangaika siku mbili, kisha deki inarudi kabatini. Mimi nimeimaliza, na mpwa wangu wa miaka tisa hapa Majengo kaimaliza pia. Nawaandikia tulivyopita, hatua kwa hatua.

Kwanza tuelewane ni gemu ipi. Hii ni ile ya mwaka 1994, mwaka uleule filamu ilipotoka. Ilitengenezwa na Westwood Studios kwa ajili ya deki za zamani, Super Nintendo na Sega. Mwaka 2019 ilirudi sokoni katika mkusanyiko mmoja na gemu ya Aladdin, na ndiyo tunayoicheza mkononi kwenye Switch, deki ya Nintendo. Humo ndani utakuta pia toleo la Game Boy, lisilo na rangi. Lifungue siku moja uone wenzetu walichezaje kwenye kioo kile kidogo, lakini somo hili nimeliandikia lile la Super Nintendo.

Hatua ya 1: Andaa mikono kabla ya kuanza

Acha kile kijiti cha kuzungusha cha kushoto. Tumia vile vitufe vinne vya mishale vilivyo chini yake. Gemu hii ilibuniwa kwa mishale, na kijiti kinakuponza: unataka Simba, yule mtoto wa simba unayemwongoza, akimbie, kidole kinateleza chini kidogo, Simba anachuchumaa, nungunungu anakuchoma. Mimi Switch yangu niliinunua ikiwa imeshatumika na kijiti chake kilikuwa kinavuta upande mmoja chenyewe. Nilidhani sijui kucheza. Nilipohamia kwenye mishale, wiki hiyohiyo nikapita levo tatu.

Pili, sevu mwanzoni mwa kila levo. Zamani hakukuwa na kusevu wala namba za siri za kuendelea ulipoishia; ukizima, unaanza upya. Mkusanyiko huu una kusevu na una kurudisha nyuma kama mkanda. Kurudisha nyuma mimi nashauri ukutumie levo ya pili na ya nne tu. Ukirudisha kila kosa, mkono haujifunzi, na kule mwisho utauhitaji mkono uliojifunza.

Hatua ya 2: Levo ya kwanza, mbugani

Usiipite haraka kwa sababu ni rahisi. Humu ndimo unamofundishwa kila kitu.

Simba mdogo ana mambo matatu: kuruka, kubingirika na kunguruma. Nungunungu ukimrukia alivyo, miiba inakuumiza. Mbingirikie kwanza apinduke, ndipo umrukie. Juu ya skrini kuna kipimo cha mngurumo, nacho hujaa polepole. Ukinguruma kabla hakijajaa ni sauti tu, wanyama hawajali. Subiri kijae. Wadudu unaowakuta njiani huongeza uhai au mngurumo, na kuna mdudu anayekupeleka kwenye michezo ya ziada ya Timon na Pumbaa, rafiki zake Simba. Usiiruke hiyo, maana ndiko unakopata nafasi za kuendelea.

Mwisho wa levo utakutana na fisi. Sikilizeni hapa, kwa sababu jambo hili litarudi mpaka levo ya kumi. Fisi akiwa na nguvu, usimguse. Mkwepe. Ataruka huku na huku, kisha atasimama anahema. Akihema tu, mrukie. Mpwa wangu alikuwa anamvamia fisi mara anapomwona, anakufa, anatupa deki kwenye kochi. Nikamwambia, mwangalie tumbo. Akaanza kusema kwa sauti, "bado, bado, bado, kachoka!" na ndipo akaruka. Mpaka leo akicheza nasikia hilo "bado, bado" nikiwa jikoni.

Hatua ya 3: Levo ya pili, ile ya tumbili

Tuingie kwenye mgogoro wenyewe. Kabla ya yote nataka ujue kwamba ugumu wa levo hii uliwekwa makusudi. Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, alikuja kueleza miaka mingi baadaye kwamba Disney, wenye filamu, hawakutaka mtu aliyekodi kaseti kwa siku chache aweze kufika mbali, maana asingekuwa na sababu ya kuinunua. Basi fumbo la tumbili likakazwa. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya gemu tunajua maana yake: hela ya nusu saa inaishia kwa tumbili, na mwenzako anasubiri padi. Kwa hiyo aliyekwama hapo asijione mzembe.

Tumbili hufanya kazi ya kukurusha. Mmoja anakudaka, anakurushia upande aliouelekea, mwingine anakudaka, na kuendelea. Wale wa rangi ya waridi ndio unaoweza kuwageuza kwa mngurumo. Makosa ya wengi ni haya mawili. La kwanza, wananguruma kipimo hakijajaa. La pili, wanajirusha kwanza ndipo wafikirie. Fanya kinyume: simama chini, fuata njia kwa macho tangu tumbili wa kwanza mpaka pale unapotaka kutua, uone ni yupi ameangalia upande usiofaa. Mgeuze huyo. Subiri kipimo kijae tena. Mgeuze mwingine kama yupo. Ndipo uende. Ukirushwa ukaangukia ulikotoka, hujapoteza kitu. Umejua tumbili mmoja zaidi ameelekea wapi. Mpwa wangu alichora mishale kwenye daftari la shule. Nilitaka kumgombeza kwa ajili ya daftari, nikaona mishale yenyewe iko sahihi.

Kwenye vichwa vya twiga, ruka kwa utulivu mmoja baada ya mwingine, usikae sana.

Kisha mbuni. Hapa mbuni anakimbia na wewe uko mgongoni, hakuna kusimama. Kiota kikija juu, bonyeza chini uiname. Kifaru akija chini, ruka. Kuna mahali ambapo kuruka mara moja hakutoshi: unaruka, na ukiwa hewani unaruka tena, Simba anatoka mgongoni kwa mbuni kisha anatua tena. Hakuna njia nyingine zaidi ya kukariri mpangilio. Sisi tuliukariri kwa mdomo kama watoto wanavyokariri jedwali: chini, juu, juu, chini. Hapa ndipo kurudisha nyuma kunaruhusiwa bila aibu.

Hatua ya 4: Makaburi ya tembo na mbio za nyumbu

Makaburi ya tembo ni fisi na tai. Fisi unamjua tayari. Ugumu ni kwamba unamsubiri achoke huku tai anakushukia, kwa hiyo tafuta nafasi ya kukwepea kabla hujamchokoza yeyote.

Levo ya nne inabadilika kabisa. Simba anakimbia akikuelekea wewe unayecheza, na nyumbu wanakuja. Hapa Arusha tunaishi jirani na jambo hili lenyewe. Aliyewahi kufika Ndutu kati ya Januari na Machi, nyumbu wakizaa, anajua vumbi lake na mlio wake. Kaa katikati. Sogea kidogo kushoto, kidogo kulia, rudi katikati. Anayekimbilia ukingoni anajifungia mwenyewe. Mawe yaliyo njiani ruka, na macho yako yakae mbele ya Simba, sio juu ya Simba.

Hatua ya 5: Uhamishoni hadi kukua

Levo ya tano ni miiba, nungunungu na mawe yanayobingirika. Kimbia, usikusanye kila mdudu.

Ya sita ina maporomoko ya maji, na magogo yanayoanguka ndiyo ngazi yako. Ruka gogo hadi gogo ukipanda. Gogo moja usikae nalo, linakushusha.

Kisha Simba anakuwa mkubwa, na wachezaji wengi wanaharibikiwa kwa sababu wamepata makucha. Wanakuwa wanaparura kila kitu. Parura, sawa, lakini Simba mkubwa anaweza pia kumkamata adui na kumtupa. Jifunze kutupa tangu levo ya saba, kwa chui utakaowakuta humo. Hata kama makucha yanatosha, tupa. Utanishukuru.

Levo ya nane ni mapango ya lava na mawe yanayodondoka toka juu, twende taratibu tu. Ya tisa ni mapango yenye milango mingi na fisi. Ukipotea, chagua mlango, ukumbuke, ukirudi palepale chagua mwingine. Chukua karatasi.

Hatua ya 6: Scar

Hii ni levo ya kumi, ya mwisho, na adui ni Scar. Pigano linahama toka sehemu moja hadi nyingine mpaka juu kabisa ya mwamba. Mpige kama yule fisi wa levo ya kwanza, ila huyu ana makucha. Akiwa na nguvu, kaa mbali. Akichoka, ingia.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama wa Sakina:* Habari kaka. Mwanangu ana miaka sita, ameona filamu, anataka Simba. Hajui Kiingereza. Je, ataweza?

Salama dada. Lugha isikutishe, ukishamfungulia hakuna cha kusoma sana, na majina yenyewe ni ya nyumbani: Simba, Rafiki, Pumbaa. Ila kwa miaka sita levo ya pili itamliza. Kwenye mkusanyiko kuna sehemu ya kutazama gemu ikichezwa yenyewe, na wakati wowote ukitaka unaichukua na kuendelea toka hapo. Mwekee hiyo. Aichukue pale anapopenda, ikimshinda airudishe.

*Dogo wa Pasua:* Shikamoo kaka. Mjomba ana Super Nintendo ya zamani na kaseti yake. Kuna njia ya kuruka levo?

Marahaba. Ipo. Nenda kwenye skrini ya mipangilio, kabla hujaanza kucheza, ubonyeze B, A, R, R, Y kwa mpangilio huo. R ni kile kitufe cha juu kulia, unakibonyeza mara mbili. Utapata nafasi ya kuchagua levo. Lakini mwombe mjomba kwanza, kaseti ni yake.

*Baba wa Njiro:* Mangi, huku umeme unakatika. Chaji inafika mwisho wa gemu?

Inafika, mzee wangu. Anayeijua gemu huimaliza chini ya saa moja. Wewe unayejifunza utaigawa kwa siku kadhaa. Nintendo wenyewe wanasema Switch ya kwanza hukaa na chaji kati ya saa 2 na nusu hadi 6 na nusu kutegemea gemu, na hii ni nyepesi. Punguza mwanga wa skrini tu. Na usevu umeme ukiwepo au usiwepo.

*Dada wa Kiboriloni:* Kaka, nimefika kwa Scar juu kabisa. Nimemparura dakika kumi nzima. Hafi! Je, deki yangu imeharibika?

Haijaharibika, dada yangu, na hongera kwa kufika huko. Juu ya mwamba makucha hayamalizi kazi. Mparure mpaka achoke, umvute karibu na ukingo, kisha umkamate umtupe. Ukimtupa mbali na ukingo atainuka tena, kwa hiyo simama upande ambao yeye ndiye anayebaki kati yako na shimo. Ndiyo maana nilisisitiza chui wa levo ya saba. Kama mkono bado haujazoea kutupa, sevu hapo ulipo, rudi kwa chui jioni moja, kisha urudi umtupe Scar.

*Dada wa Kiboriloni:* Nimerudi kwa chui kama ulivyosema. Kaanguka! Mara ya tatu tu.